Mshenga wa Pikapu ya Bluu

Baba yangu, Mzee Akida, alikuwa akiuza magari yaliyotumika pale Shinyanga mjini, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: akisikia mtu ana kitu, naye lazima awe nacho. Mwaka 1987 alikwenda Mwanza kwa shughuli zake akarudi na habari kwamba kuna mfanyabiashara kule ana kompyuta. Hakuiona. Aliambiwa tu kwamba ipo, chumba cha nyuma, imefunikwa kitambaa. Hiyo ilimtosha. Kabla hajavua hata viatu alishaniita sebuleni.

"Mwamvua, ile shule niliyokusomesha Dar es Salaam, si ndiyo ya mambo hayo?"

Nikamwambia ndiyo yenyewe. Nilisomea kupanga kumbukumbu za biashara nzima ili mashine iweze kuzishika, na tangu nirudi nyumbani kazi niliyopewa dukani ilikuwa kuwachemshia wateja chai ya tangawizi. Nilifundishwa kupanga data, nikaletwa kupanga vikombe. Niliudhika, sikatai. Mimi ni mtu wa kuudhika, na kwetu wananijua.

"Kompyuta nimeshaagiza," alisema Baba. "Iko njiani."

Alikuwa amemwagiza dereva wa lori la pamba, kama mtu anavyoagiza sufuria. Hadi leo haijafika. Lakini siku ile tulizungumza kama vile imeshavuka Malampaka, na Baba akatumia nafasi hiyo kusema jambo ambalo nilikuwa nalingoja kwa hamu na hofu. Alisema amechoka. Magoti yanamuuma, anataka kumwachia mtu duka. Watu wenyewe walikuwa wawili: mimi, mtoto wake wa pekee, na Shaaban, mtoto wa marehemu mdogo wake. Shaaban alikuwa mwanamume na alikuwa na miwani ya jua. Sifa nyingine sikuwahi kuiona.

"Nipangie hiyo biashara ya kwenye mashine," alisema Baba. "Jumamosi anakuja mteja kutoka Mhunze kuchukua pikapu ya bluu. Mpango wako ukimfikisha huyo kwenye gari lake bila ugomvi, funguo za duka ni zako. Ukileta ugomvi, ni za Shaaban."

Nililitaka lile duka. Nililitaka kuliko nilivyowahi kutaka mume, na mama yangu mzazi analijua hilo na limemnyima usingizi. Nilipenda harufu yake ya mpira na grisi, nilipenda kumsikia mteja akipiga teke tairi kana kwamba tairi litamwambia kitu. Kumwona Shaaban akikaa pale na miwani yake ningekufa kwa hasira, na hilo silisemi kwa kutia chumvi.

Basi nikaanza kazi. Karatasi kubwa mjini hakukuwa nazo; mwaka ule hata wauza karanga walikuwa wakifungia kurasa za daftari za watoto. Nikaamua kuchora kwa chaki kwenye sakafu ya saruji, palepale kwenye banda tulipoegesha magari. Mchoro wenyewe si mgumu. Kila kitu ambacho biashara inatakiwa ikikumbuke unakichorea chumba chake. Gari lina chumba, mteja ana chumba, muuzaji ana chumba. Ndani ya chumba unaandika sifa: rangi, namba ya injini, jina, mahali anapotoka. Halafu vyumba vinavyohusiana unaviunganisha kwa mstari, na juu ya mstari unaandika uhusiano ni wa wangapi: mmoja au wengi. Mwalimu wetu chuoni, Mjerumani mmoja mwembamba sana, alikuwa akituambia ukikosea hapo kwenye mmoja na wengi umekosea kote, na alikuwa akisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyewahi kuumizwa.

Pikapu ya bluu ilikuwa imeshaegeshwa, kwa hiyo nikachora GARI kuizunguka. Mbele yake nikachora MTEJA, na pembeni MUUZAJI. Baba alipokiona chumba cha MUUZAJI akaagiza kiti chake kiletwe, akaketi ndani yake na kofia yake, na tangu hapo hakutoka. Chakula akaletewa humohumo.

"Baba, hiyo ni picha tu. Si lazima ukae."

"Umeandika muuzaji. Muuzaji ni nani?"

Nikamwacha akae. Kwenye mstari wa kuunganisha MTEJA na GARI nikaandika mmoja kwa mmoja, yaani gari moja, mteja mmoja. Nilijiona mtaalamu. Shaaban alikuwa ameegemea mlango akitabasamu.

"Baba Mkubwa, huyu amechora mchezo wa kuruka wa watoto," alisema.

Jumamosi asubuhi mteja akafika. Jina lake Maduhu, mrefu, mpole, fimbo mkononi. Nyuma yake alikuwapo mkewe Limi, na nyuma ya Limi kaka zake Maduhu, wake zao, na shangazi mmoja mzee sana aliyeshikwa mikono kama yai.

"Mwangaluka," walisalimu wote kwa Kisukuma.

"Mwangaluka," nikaitikia. "Karibuni. Mteja asimame ndani ya chumba hiki, tafadhali."

Wakaingia wote. Nikasema mteja ni mmoja. Maduhu akaniangalia kwa huruma.

"Sisi ndio mteja, dada."

"Nauliza anayenunua ni nani?"

"Sisi."

Akanieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mgeni njia. Gari lilikuwa linanunuliwa kwa fedha ya ng'ombe waliouzwa, na ng'ombe hao walitoka kwenye kila mji wa ukoo wao. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ananunua, na hakuna ambaye hakuwa ananunua.

"Mitamba yangu miwili imo kwenye gali hilo," alisema Limi. "Aliyenipa ni baba yangu. Mimi sitoki kwenye chumba hiki."

"Basi asimame Maduhu kwa niaba ya wote."

"Yaya!" walikataa kwa pamoja, hata Maduhu mwenyewe.

Chumba kilikuwa kidogo. Wakabanana. Shangazi mguu wake mmoja ulibaki nje ya chaki, ukazuka mjadala wa Kisukuma kama bado yumo au ameshatoka kwenye gari, mpaka bibi wa watu akaamua kusimama kwa mguu mmoja, ameshikiliwa huku na huku. Shaaban alikuwa anacheka mpaka miwani inateleza. Mimi jasho lilikuwa linanitoka. Nikapiga magoti, nikafuta "mmoja" nikaandika "wengi", nikapanua chumba, shangazi akashusha mguu na kunibariki.

Nilidhani yamekwisha. Hapo akapita Donatus, mchimbaji wa dhahabu kutoka machimbo ya Geita, upande wa Katoro. Donatus tulimfahamu vizuri mno. Duara lake, yaani shimo lake la kuchimba, likitema dhahabu anakuja kununua pikapu ya bluu. Likikauka anatuletea tuinunue tena kwa bei ya kumwonea huruma. Alikuwa ameshafanya hivyo mpaka kiti cha dereva kimeshika umbo lake.

"Mnaiuza?" aliuliza, macho yamemlegea. "Bila kuniambia?"

"Donatus, ulituuzia wewe mwenyewe."

"Najua. Lakini ilikuwa yangu." Naye akaingia kwenye chumba cha MTEJA, akasimama karibu na shangazi.

Ubaya ni kwamba alikuwa sahihi. Kama biashara inatakiwa ikumbuke, basi lazima imkumbuke na Donatus, na waliomtangulia. Gari moja lina wateja wengi, na wateja wengi wanaweza kuwa na magari mengi. Wengi kwa wengi. Mjerumani alikuwa ametukataza kabisa kuuacha uhusiano wa namna hiyo ukiwa mtupu. Lazima katikati uweke chumba kingine, kitakachoshika kila makubaliano peke yake. Nikakichora kati ya MTEJA na GARI. Jina nikakosa.

"Hicho katikati ni nini?" Baba aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Hawa na gari hawawezi kuungana hivihivi, Baba. Lazima awepo wa katikati anayejua nani amechukuana na nani, lini, na kwa masharti gani. Bila huyo, kila mtu atasema lake."

Baba akapiga paja. "Si useme mshenga!"

Ilikuwa ndiyo mara yake ya kwanza kunielewa tangu nirudi kutoka Dar es Salaam, na nilifurahi sana, kwa muda mfupi. Maana kabla sijamwambia kwamba hicho nacho ni chumba tu, alishamtuma fundi wetu Cornel akamwite Bi Mwahija.

Bi Mwahija alikuwa mshenga wa mji mzima. Ndoa ambayo hakuipitisha yeye watu waliihesabu kama majaribio. Akaja na khanga mpya, ananukia udi, na kipepeo cha ukili cha kujipepea mkononi. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa wote kwa pamoja ili asipoteze muda. Akakitazama chumba nilichomchorea.

"Kidogo," alisema.

Nikakipanua. Akaingia, akaletewa kigoda, akaketi katikati ya MTEJA na GARI akageuka kuwatazama akina Maduhu kama wamekuja kuomba binti yake.

"Mmemwona wapi?" akaanza, akiionyesha pikapu kwa kipepeo.

"Barabarani," alisema Maduhu, mara moja. Hakushangaa hata kidogo. "Alikuwa anapita na mchimbaji. Tukampenda."

"Nani atamlisha?"

"Mafuta tutachanga."

"Akiugua?"

"Tutamleta kwa fundi Cornel."

"Mtamtwisha mizigo gani?"

"Pamba. Mahindi. Na wagonjwa," alisema Limi. "Mwaka jana nilijifungulia kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Silitaki tena jambo hilo kwetu."

Nikaandika sakafuni kila jibu, na nikaona, kwa furaha ambayo siwezi kuificha, kwamba chumba kinajaa sifa zilezile ambazo mashine ingezitaka: wanunuzi, tarehe, matengenezo, matumizi. Mpango wangu ulikuwa unafanya kazi. Hakuna aliyekuwa anagombana. Baba alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika, na Shaaban alikuwa ameacha kucheka. Nilianza kuziona funguo.

"Upande wa mume nimemaliza," alisema Bi Mwahija. "Sasa tumuulize mwenyewe."

"Mwenyewe nani?" nikauliza.

"Bibi harusi. Haolewi mtu bila kuulizwa. Cornel, mwulize."

Cornel akaingia kwenye pikapu, akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Pikapu haikutoa hata kikohozi. Maduhu na ndugu zake wakatazamana.

Baba ni mfanyabiashara, hapotezi nafasi. "Amenyamaza!" akasema kwa shangwe. "Bi Mwahija, wewe unajua kuliko sisi. Mwali akiulizwa akanyamaza, si ameridhia? Ana haya tu. Haya, hongereni jamani, mchukueni!"

"Kweli kabisa," alisema Shaaban. "Amekubali."

Bi Mwahija akashusha kipepeo. "Akida, usinifundishe kazi. Mwali ndiye anayenyamaza. Huyu ni mwali? Huyu ameolewa na padri, ameolewa na mwalimu, na huyu kijana wa machimboni amemuacha na kumrudia mpaka watu wamechoka. Aliyekwisha kuolewa haoni haya. Lazima atamke."

"Anyamaze!"

"Atamke!"

Wakaanza. Baba alinyanyuka kitini lakini hakutoka chumbani. Alikuwa anapiga kelele kwenye ukingo wa chaki na Bi Mwahija naye kwenye ukingo wake, kama majirani wenye ua. Donatus alikuwa anasisitiza kwamba hakumuacha, walitengana kwa shida. Shangazi alikuwa anauliza bibi harusi yuko wapi mbona hamwoni. Hatimaye Bi Mwahija akanigeukia mimi.

"Mwenye kuchora ni huyu. Aseme yeye. Gari likinyamaza, limekubali au halijakubali?"

Wote wakanitazama. Baba aliniangalia kwa namna ambayo hakuhitaji kunieleza. Ningesema limekubali, akina Maduhu wangelisukuma mpaka barabarani, ugomvi ungekwisha, na funguo zingekuwa mkononi mwangu kabla ya adhuhuri. Lilikuwa neno moja tu. Na niliogopa, nasema wazi, niliogopa mpaka chaki ikanivunjikia kiganjani. Nikamtazama Limi.

"Halijakubali," nikasema. "Gari lisilowaka haliuzwi. Kwenye mpango wangu halivuki kwenda kwa mteja mpaka liwake."

Baba akaketi. Uso ulikuwa umemwiva.

"Mimi nimeuza magari yasiyowaka tangu wewe hujazaliwa," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikwambia sitaki ugomvi. Shaaban, njoo uchukue funguo."

Akatoka kwenye chumba cha MUUZAJI, Shaaban akaingia, akakaa kwenye kiti, akapachika miwani vizuri. Sikulia, kwa sababu ya hasira tu. Hasira ina faida zake.

"Mteja," alisema Shaaban kwa sauti ya msimamizi, "gari limekubali. Sukumeni mwende."

Hakuna aliyetikisika. Maduhu aliegemea fimbo yake.

"Yaya," alisema. "Dada amesema bado."

"Dada si muuzaji. Muuzaji ni mimi, angalia nimekaa wapi."

"Naona ulipokaa. Tutangoja."

Wakaketi chini palepale chumbani, wote, na shangazi wakamtandikia khanga. Limi akatoa viazi vilivyochemshwa akagawa, hata Donatus akapewa. Shaaban akabembeleza, akapunguza bei, akatishia. Walikuwa wanamsikiliza kwa adabu kubwa huku wanatafuna. Wateja wengine wawili watatu wakachungulia mlangoni, wakauliza kuna msiba wa nani, wakaambiwa hapana, ni harusi, ila bibi harusi hajasema neno. Nao wakaketi wangoje.

Mimi na Cornel tulikuwa chini ya boneti. Panya alikuwa amejenga kwake kwenye nyaya za betri, tena nyumba nzuri, na pamba ya Shinyanga amejitandikia. Tukamhamisha, tukaunga waya, tukasugua vichwa vya betri kwa msasa. Cornel akazungusha ufunguo. Pikapu ikakohoa, ikatikisika, ikanguruma kwa nguvu, na honi nayo ikalia yenyewe. Ikalia, ikalia, haikukoma.

"Ametamka!" alipiga kelele Bi Mwahija.

"Amekubali mno!" alisema Cornel, akihangaika kuutafuta waya wa honi.

Vigelegele vilivyopigwa pale vilisikika mpaka stesheni. Shangazi alicheza kwa miguu yote miwili. Donatus alilia kabisa, akamshika Maduhu mkono akamwambia gia ya tatu ina kiburi, aibembeleze. Wakapanda, thamani ya ng'ombe wao wote na ya mitamba ya Limi ikiwa imo humo, na Limi akakaa mbele.

Kabla ya kuondoka Maduhu akachungulia dirishani, honi bado inalia, ikabidi apaaze sauti.

"Mzee Akida! Mdogo wangu wa Masumbwe anataka lori. Nikimleta, nimuulize nani hapa?"

Baba alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma. Akamtazama Shaaban kitini. Kisha akawatazama wale watu waliokuwa wameketi mlangoni. Wawili walikuwa wameshaingia kwenye chumba cha MTEJA na kusimama wima, wananitazama mimi.

"Shaaban," alisema Baba, "toka humo."

"Lakini Baba Mkubwa, ulisema—"

"Toka. Na wewe Maduhu, ukija muulize Mwamvua. Akikwambia bado, rudi nyumbani ukalale. Mimi nimeuza magari miaka yote hii, hakuna mtu aliyewahi kukaa chini akaningoja."

Akazichukua funguo kwa Shaaban, akanipa mwenyewe, mkononi, akakifunga kiganja changu kwa mikono yake miwili. Shaaban akauliza na yeye asimame wapi. Bi Mwahija akamwambia yeye si chumba, ni sifa, aandikwe popote palipobaki nafasi.

Pikapu ikaondoka na kelele zake. Niligeuka kumshukuru Baba, nikamkuta anazunguka polepole kati ya mistari, anainama kusoma kila neno, kofia mkononi. MTEJA. MSHENGA. GARI, chumba kitupu sasa. MUUZAJI, na kiti ndani yake. Alikipita kiti hakukigusa.

"Mwanangu," alisema, "na mimi sasa nasimama wapi?"

Nilikuwa nimengoja siku ile tangu utotoni, na hata mara moja sikuwahi kufikiri kwamba nikiingia mimi, yeye atatoka. Nikapiga magoti pale karibu na miguu yake nikamchorea chumba, kikubwa, hata Bi Mwahija hakusema ni kidogo. Nikaandika BABA. Akaingia, akasimama katikati, akatazama huku na huku.

"Hakijaungwa na kitu," alisema.

"Nakiunga na wapi?"

Akafikiri. Kisha akanionyesha kwa kidole mahali nilipokuwa nimepiga magoti.

"Hapo ulipo. Halafu juu ya mstari usiandike wengi."